Kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe haiwaki: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo

Wanaokwama hapa hukosea kwa namna moja. Kompyuta mpya ikigoma kuwaka, mtu anang'oa prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote), anahamisha RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda), anachomoa hiki na kile kwa mkupuo. Ikiwaka, hajui ni kipi kilichoiwasha. Isipowaka, huenda ameshapinda pini na sasa ana matatizo mawili.

Hapa tunafuata njia ya umeme wenyewe: tunaanza ukutani, tunaingia kwenye pawa saplai (kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo), tunafika kwenye ubao mama (ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote), na prosesa tunaigusa mwisho. Kanuni ni moja tu: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine.

## Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ya nyota, na nyingine bapa ndogo.
- Multimita. Ya bei nafuu inatosha, ilimradi inapima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri).
- Kitabu cha maelekezo cha ubao mama wako. Kama umekitupa, pakua nakala kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa jina kamili la modeli lililochapwa kwenye ubao.
- Tochi, au taa ya simu.
- Boksi la kadibodi lenye ukubwa wa kutandaza ubao mama juu yake.
- Klipu ya karatasi au kipande kifupi cha waya.
- Waya mwingine wa umeme wa kompyuta, ambao una uhakika ni mzima.
- Ukiweza kuazima pawa saplai inayofanya kazi, azima. Itakuokolea muda mwingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye orodha hii.

Onyo kabla ya kugusa chochote. Usifungue pawa saplai. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kutosha kukuumiza vibaya hata baada ya kuchomoa waya. Pawa saplai hupimwa kwa nje. Ikiwa mbovu inarudishwa au inatupwa.

Kila unapotaka kuchomeka au kuchomoa kitu ndani ya kasha, zima swichi ya nyuma, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki kwenye ubao uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika sehemu yoyote, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu.

## Tambua kompyuta yako inagoma vipi

Bonyeza kitufe mara moja, tazama na usikilize.

Kimya kabisa. Hakuna feni, hakuna taa, hakuna sauti. Anza Hatua ya 1.

Inashtuka na kuzima. Feni zinacheza nusu mzunguko, pengine unasikia "tik" kutoka kwenye pawa saplai, kisha basi. Au inawaka na kuzima kwa kurudiarudia. Hii mara nyingi ni shoti (umeme unapita njia ya mkato usiyotakiwa), na pawa saplai inajilinda. Pitia Hatua ya 1 na ya 2 haraka, kisha ruka hadi ya 6.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Hapo umeme upo. Nenda moja kwa moja Hatua ya 9. Ukianza kupima pawa saplai utapoteza siku bure.

## Hatua ya 1: Kutoka ukutani hadi swichi ya nyuma

Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile ya ukutani. Ikiwaka, ondoa ekstensheni na kidhibiti umeme, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Jaribu waya wa pili. Waya wa umeme ukiingia nyuma ya pawa saplai unatakiwa usukumwe hadi mwisho. Ule mpya huwa mgumu, na watu huuacha ukiwa umeingia robo tatu.

Swichi ya nyuma iwe upande wa alama ya I. Alama ya O ni kuzima. Najua unajua, lakini itazame.

Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani na za bei ya chini, zina kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Kiwe sawa na umeme wa ukutani kwako. Kikiwa 230 kwenye umeme wa volti 115, mara nyingi haitawaka tu. Kikiwa 115 kwenye umeme wa 230, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na pawa saplai hiyo imekwisha.

Umefanikiwa ukiona: taa ndogo kwenye ubao mama, kama ubao wako unayo. Taa hiyo ina maana umeme wa kusubiria, yaani ule mdogo unaokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, unafika. Isipokuwepo usihukumu bado, kwani si kila ubao una taa.

## Hatua ya 2: Plagi mbili zinazosahaulika

Ubao mama unalishwa na plagi mbili, na zote ni za lazima.

Ya kwanza ni ile kubwa ya pini 24, pembeni mwa ubao. Inahitaji nguvu kidogo. Ishike kwa kidole gumba, shikilia ubao kwa chini usipinde, sukuma mpaka ndoano ya plastiki ing'ate na usikie "tak". Ikiwa upande mmoja umeinuka hata milimita moja au mbili, haijaingia.

Ya pili ni ya pini 8 ya prosesa (kwenye ubao mdogo, pini 4), juu kushoto mwa soketi ya prosesa. Huwa imejificha nyuma ya kipozajoto, kwa hiyo wengi huisahau kabisa, au huchomeka plagi ya kadi ya michoro (ile inayotengeneza picha za skrini) mahali pake. Zinafanana lakini si ndugu: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi ya michoro hugawanyika 6 na 2, na nyaya zake zimepangwa kinyume. Ukiona plagi inagoma kuingia, usiilazimishe. Soma maandishi yaliyo juu yake. Ya prosesa huandikwa CPU, ya kadi huandikwa PCIe.

Kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, kagua na upande wa pili, pale zinapoingia kwenye pawa saplai yenyewe. Na hapa naomba nieleweke vizuri: tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai hiyohiyo tu. Upande wa ubao mama umesanifiwa kwa kiwango kimoja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji amepanga pini anavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa pawa saplai ya zamani unaweza kuingia vizuri kabisa kisha ukapeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5. Diski huungua papo hapo. Kama umechanganya nyaya, usijaribu kuwasha tena kabla ya kuzibadilisha.

## Hatua ya 3: Kitoe kitufe kwenye lawama

Kitufe cha kwenye kasha hakina ujanja wowote. Kinagusanisha pini mbili kwa muda mfupi, basi. Kwa hiyo kazi yake unaweza kuifanya kwa bisibisi.

Tafuta kundi la pini ndogo chini kulia mwa ubao, lenye maandishi kama F_PANEL au JFP1. Fungua kitabu, uone pini mbili za kuwashia. Huandikwa PWR_SW, PWRBTN au kitu cha karibu na hapo. Kwenye mpangilio uliozoeleka wa pini 9, ni ya 6 na ya 8, lakini amini kitabu kuliko mazoea.

Zima umeme, chomoa viwaya vyote vya kasha kwenye kundi hilo, kisha rudisha umeme. Gusa pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi bapa, sekunde moja, achia. Usihofu, hapo pana umeme mdogo usioweza kukudhuru. Cha kuangalia ni kutogusa pini za jirani.

Ikiwaka: tatizo ni kitufe au ulichomeka kiwaya chake pini moja pembeni. Viwaya vya kitufe havina chanya wala hasi, vya taa ndivyo vinavyojali upande. Kama kitufe chenyewe ni kibovu, chomeka kiwaya cha kitufe cha RESET kwenye pini za kuwashia, na maisha yaendelee.

Isipowaka: acha viwaya hivyo nje mpaka mwisho wa uchunguzi, uwe unawasha kwa bisibisi. Umepunguza mshukiwa mmoja.

## Hatua ya 4: Pima pawa saplai ikiwa peke yake

Chomoa waya ukutani. Chomoa nyaya zote za pawa saplai kutoka kwenye ubao, kadi na diski. Isiguse kitu.

Kwenye plagi ya pini 24, tafuta waya wa kijani (pini ya 16) na waya wowote mweusi ulio jirani yake. Vigusanishe kwa klipu iliyokunjwa. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, usihesabu kwa kubahatisha. Fuata mchoro wa mtengenezaji. Kugusanisha pini isiyo sahihi kunaweza kuzua shoti ya kweli.

Klipu ikishakaa, ndipo uchomeke ukutani na kuwasha swichi ya nyuma. Usiishike klipu umeme ukiwepo.

Feni ya pawa saplai ikizunguka ni dalili njema, lakini haitoshi. Isipozunguka nayo haitoshi kuihukumu, maana nyingi za kisasa huacha feni imesimama mpaka zipate joto. Ndiyo maana nilikutajia multimita. Weka kwenye DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye rangi hizi:

- Njano: volti 12. Inakubalika kati ya 11.4 na 12.6.
- Nyekundu: volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25.
- Machungwa: volti 3.3. Kati ya 3.14 na 3.47.
- Zambarau: volti 5 za kusubiria. Huu lazima uwe hai hata klipu ikiwa imetolewa, ilimradi swichi ya nyuma imewashwa.
- Kijivu: karibu volti 5. Kwa waya huu pawa saplai inauambia ubao mama kwamba umeme umetulia. Usipoinuka, kompyuta haitaanza hata kama rangi nyingine zote ziko sawa.

Zambarau ikiwa sifuri, usiendelee. Pawa saplai imekufa, na hakuna kitufe duniani kitakachoiwasha.

Usisahau kwamba kipimo hiki hakina mzigo. Pawa saplai inayofeli hapa ni mbovu bila shaka. Inayofaulu inaweza bado kuanguka ikibebeshwa kompyuta nzima. Hapo ndipo ile ya kuazima inapopata kazi.

## Hatua ya 5: Kipimo kinachomaliza ubishi

Wengi hukiruka, na mimi nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinasema wazi nani mwenye kosa kati ya pawa saplai na ubao mama.

Ondoa klipu, rudisha plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 kwenye ubao. Washa swichi ya nyuma. Sasa ingiza ncha nyekundu ya multimita kwa *nyuma* ya plagi, pale waya wa kijani unapoingia, mpaka iguse chuma. Ncha nyeusi iguse skrubu ya chuma ya pawa saplai.

Kompyuta ikiwa imezimwa, kijani kinatakiwa kuonyesha volti kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 5. Gusanisha pini za kuwashia huku ukitazama namba.

Namba haishuki: ubao mama haujaomba umeme. Pawa saplai haina hatia. Shuku ubao, au kitu kilichochomekwa juu yake.

Namba inashuka karibu na sifuri na kubaki huko, lakini hakuna kinachowaka: ubao umeomba, pawa saplai imekataa. Ama ni mbovu, ama imeona shoti na kujifunga. Chomoa waya ukutani kwa dakika kama mbili ili ulinzi wake ujiondoe, kisha endelea Hatua ya 6.

Namba inashuka kisha inarudi juu mara moja: ubao umeanza na kughairi. Mara nyingi ni shoti, au tatizo kwenye prosesa na soketi yake.

## Hatua ya 6: Vua mzigo ukiwa bado ndani ya kasha

Chomoa kimoja, jaribu kuwasha, kisha nenda kwenye kinachofuata:

1. Vyote vya nje: kibodi, kipanya, flashi, skrini.
2. Nyaya za USB na za sauti zinazotoka mbele ya kasha. Plagi kubwa ya USB 3 ina pini nyembamba zinazopinda kirahisi. Mbili zikigusana, ubao mzima unaweza kugoma.
3. Diski zote.
4. Kadi ya michoro, na waya wake.
5. Feni za kasha na taa za mapambo.
6. RAM zote isipokuwa moja. Iweke kwenye sloti ambayo kitabu kinataja kuwa ya kwanza; kwenye ubao wa sloti nne huwa ni ya pili kutoka kwenye prosesa.

Ikiwaka baada ya kuchomoa kitu fulani, kirudishe mara moja kuhakikisha kompyuta inagoma tena. Ikigoma, umempata mwizi. Isipogoma, huenda kitu hakikuwa kimekaa sawasawa tu, jambo la kawaida sana kwa RAM, ambazo zinataka nguvu mpaka vibanio vyote vifunge.

## Hatua ya 7: Toa ubao nje ya kasha

Kama bado, toa ubao mama na uuweke juu ya boksi la kadibodi. Usiuweke juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa kuwa mifuko hiyo hupitisha umeme kwa nje.

Kabla ya kuwasha chochote, mulika ndani ya kasha tupu. Utaona vijiguzo vya shaba vinavyoshika skrubu. Kila kijiguzo lazima kilingane na tundu la skrubu kwenye ubao. Kimoja kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa ubao, na hiyo ni shoti kamili. Kama kasha liliwahi kubeba ubao wa ukubwa mwingine, hapa ndipo pa kushuku kwanza. Tazama pia skrubu iliyodondoka, na vile vidole vya bati vya kifuniko cha nyuma; kimoja hupenda kujipenyeza ndani ya tundu la USB badala ya kulala juu yake.

Sasa washa ukiwa na vitu hivi tu: ubao, prosesa na kipozajoto chake, RAM moja, pini 24, pini 8. Gusa pini za kuwashia kwa bisibisi, kama kwenye Hatua ya 3.

Umefanikiwa ukiona: feni ya prosesa inazunguka bila kukatika. Basi kasha au kitu ulichokitoa ndicho kilichokuwa kinaleta shoti. Zima baada ya muda mfupi, uanze kurudisha.

Isipowaka: weka pawa saplai ya kuazima. Ikiwaka, umemaliza. Ikigoma na hiyo pia, wamebaki ubao na prosesa.

## Hatua ya 8: Soketi na prosesa

Ng'oa kipozajoto kwa kukizungusha kidogo kushoto na kulia kwanza, maana pesti (ule ute wa kupitisha joto kati yake na prosesa) inaweza kuwa imekishika, na ukikivuta kwa ghafla kinaweza kutoka na prosesa.

Prosesa za Intel na zile za AMD za soketi AM5 zina pini ndani ya soketi ya ubao. Zile za AMD za soketi AM4 zina pini kwenye prosesa yenyewe. Mulika tochi kwa pembeni, si kwa juu: pini nzima hung'aa kwa mistari iliyonyooka, iliyopinda huvunja mstari. Usizifute kwa kitambaa wala pamba. Pini ya AM4 iliyopinda inaweza kunyooshwa taratibu kwa kadi nyembamba ya plastiki; ya soketi ni ndogo mno, na kama mkono wako hautulii, mpe fundi.

Thibitisha pia kwenye tovuti ya mtengenezaji kwamba ubao wako unaitambua prosesa hiyo, na kuanzia toleo gani la BIOS (programu ndogo ya ubao inayoiwasha kompyuta). Soketi inaweza kuwa sawa na bado ubao usiikubali mpaka usasishwe. Ubao wenye kitufe cha kusasisha kwa flashi unaweza kufanya hivyo hata bila prosesa.

Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao? Itoe kwa dakika chache ili mipangilio ifutike, umeme ukiwa umechomolewa. Haigharimu kitu. Ila betri iliyochoka hupoteza saa na mipangilio. Ni nadra kuzima kompyuta kabisa, kwa hiyo usijenge matumaini yako juu yake.

Kama umefika hapa na kila kitu ni safi, shuku ubao mama kabla ya prosesa. Prosesa isiyowahi kuangushwa wala kupindwa mara chache sana hufa.

## Hatua ya 9: Inazunguka, lakini skrini nyeusi

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao. Kinyume chake, usipokuwa na kadi, hakikisha prosesa yako ina michoro ndani yake; zile za Intel zenye herufi F mwishoni hazina.

Kama ubao wako unazo, tazama taa nne ndogo zenye maandishi CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (michoro) na BOOT (diski ya kuanzia). Ile inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta. Ikiwa ni DRAM na RAM yako ni ya aina ya DDR5, tulia kwanza: mara ya kwanza ubao huzipima RAM hizo kwa dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Kuzima katikati kunaufanya uanze upya.

## Kurudisha, au kurejesha dukani

Ikishawaka juu ya kadibodi, rudisha ubao kwenye kasha na uwashe kabla ya kuongeza kitu. Kisha RAM ya pili, washa. Kadi ya michoro, washa. Diski, washa. Nyaya za mbele za kasha ziwe za mwisho. Inachosha, lakini ikigoma tena utajua ni kwa sababu ya ulichoongeza dakika moja iliyopita.

Kama ubao unarudi dukani, piga picha ya soketi ikionekana vizuri, kisha uifunike kwa kile kifuniko cha plastiki kilichokuja nayo. Soketi ikifika huko ikiwa wazi na pini zimepinda, watasema umezipinda wewe, na bila picha huna la kuwajibu.